Alhamisi Kumi na Mbili

Mimi nimezaa watoto wanne, na kwa miaka mingi hakuna kitu nilichojivunia kuliko hicho. Wa tatu nilimzaa viatu vikiwa mguuni. Hadithi hiyo nimewasimulia wajawazito wote niliowahi kukaa nao benchi moja, na kuna siku niliianza msibani mpaka marehemu mume wangu akanifinya paja. Naitanguliza kwa sababu bila hiyo hamtaelewa nilichomfanyia wifi yangu.

Wifi ni mke wa mdogo wangu. Mdogo wangu husoma mita za maji. Hushinda akitembea mtaa kwa mtaa na kidaftari chake, anajua geti lipi lina mbwa na lipi lina maneno. Mkewe ni fundi vioo. Ana kibanda chake cha kazi, na ndani yake meza ndefu iliyotandikwa zulia kuukuu. Hapo analaza kioo, anaweka rula, anavuta kikatio mara moja tu, krrr, anagonga kwa chini, na kioo kinaachana kama biskuti. Harudii mstari, maana ukirudiwa kioo hupasuka ovyo. Ndiyo maana wateja walimpa jina la Mara Moja, na jina likamganda.

Tulikuwa tunapatana, tena kuliko mawifi wengi. Alinitania kwa ukarani wangu, kwa kuwa nilikaa masjala miaka ishirini na sita na mpaka leo nikisimulia jambo lazima nianze na tarehe. Mimi nilimtania kwamba hapa aliyeolewa ni mdogo wangu, kwani ndiye anayepika na ndiye anayelia wakigombana.

Walikaa miaka sita bila mimba. Ilipokuja, wifi alikuwa na miaka thelathini na saba, na mdogo wangu alinifuata nyumbani akiwa bado na sare ya kazi.

"Dada, siku ikifika uende naye wewe. Uzazi unaujua."

Nikamwambia alale usingizi, amefika kwa mwenyewe.

Siku yenyewe, kwa jinsi nilivyoikumbuka mimi, ilikwenda hivi. Uchungu ulianza Jumamosi, ukamsumbua sana, na mtoto akazaliwa Jumapili saa nne asubuhi. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na kimoja na wauguzi wawili, kwa hiyo waliniacha nikae karibu nishike hiki na kile. Mtoto wa kike, mzito, nywele hadi shingoni. Nikampokea, nikamfuta, nikampeleka dirishani nimwone vizuri. Baadaye kidogo wifi akazimia. Wakaja mbio, wakamsukuma na kitanda chake hadi chumba cha upasuaji, wakatoa kizazi. Jioni daktari akasema atapona. Nikatoka nje kupiga simu kwa ukoo mzima: mama mzima, mtoto mzima, tushukuru.

Hayo ndiyo niliyoyaamini kwa muda wa miezi kumi.

Wifi aliporudi nyumbani hakumshika mtoto. Mwanzoni tulisema ni mshono. Mshono ukapona. Tukasema ni uchovu. Akawa anakaa ukingoni mwa kitanda, viganja amevikalia, anamwangalia mtoto kama mtu anayelinda mzigo wa mwenyewe asiyerudi. Nilihamia kwao kusaidia. Kila nilipomwogesha mtoto, yeye alitoka nje, akazunguka nyumba mpaka beseni limwagwe. Maziwa yakakauka. Nikimwita kwa nguvu kutoka jikoni alishtuka hadi kikombe kikamdondoka, na mimi nikasema, wifi, mbona umekuwa kama paka wa jirani.

Mwezi wa nne tangu kujifungua alirudi kazini, na huko ndiko tulikojua kwamba jambo si dogo. Kibandani kuna pipa la bati la kutupia vipande vya kioo. Mteja mmoja alitaka kumsaidia, akaokota vipande, akavimwaga ndani ya pipa. Wifi akaingia chini ya meza. Mteja alisimama pale na karatasi yake ya vipimo vya dirisha, akimwuliza kama ameangusha kitu. Alikaa chini ya meza ile mpaka mdogo wangu alipoitwa kutoka mtaa wa tatu. Tangu siku hiyo mkono ulianza kutetemeka. Mara Moja akawa anarudia mstari, na vioo vikawa vinapasuka.

Ni daktari wa kliniki ya watoto aliyemwandikia aende kwa mshauri. Nikauliza atapewa dawa gani. Mdogo wangu akasema hakuna dawa, ni mazungumzo.

"Mazungumzo tu?" nikasema. "Mdomo si hata mimi ninao?"

Mdogo wangu aliikunja karatasi ya daktari, akaitia mfukoni.

Chumba cha mshauri kilikuwa mwisho wa korido, kati ya chumba cha kupimia watoto uzito na stoo ya ndoo na mafagio. Mshauri mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mwenye kifaa cha kusikilizia katika sikio la kushoto. Nilimnong'oneza mdogo wangu kwamba hospitali nzima wamekosa mtu mpaka wakaajiri kiziwi asikilize watu. Alhamisi ya kwanza alituingiza sote watatu, na mtoto mgongoni kwangu, akatueleza polepole. Wangekutana Alhamisi kumi na mbili, saa moja kila mara.

"Mtu akipatwa na jambo la kutisha," alisema, "mara nyingine mwili haukubali kwamba limekwisha. Unaendelea kulikimbia kila siku. Kwa hiyo hapa tutalisimulia, tena na tena, tangu mwanzo hadi mwisho, mpaka mwili ujue ni la zamani."

Wifi akauliza, "Na lisipokwisha?"

"Tutajua tukifika," mshauri akajibu. Jibu hilo sikulipenda. Mtu wa kazi yake nilitegemea aseme litakwisha.

Tukapanga kwamba mimi nimsindikize, kwa sababu mdogo wangu Alhamisi ana mitaa ya mbali. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango, mtoto mapajani. Mlango wenyewe ulikuwa ubao mwembamba, na kwa ajili ya lile sikio, mshauri aliwaomba watu waongeze sauti. Sikuwa nasikia yote. Nilisikia kuliko inavyofaa.

Alimpa kazi za nyumbani pia. Wifi aliandika karatasi ya mambo anayoyakwepa, akaibandika kwa ndani ya mlango wa kabati, kuanzia jepesi hadi zito. Harufu ya spiriti. Geti la hospitali. Mlio wa pipa. Kulala chali. Mtoto akiwa ameloa. Mstari wa mwisho kabisa aliandika herufi moja tu, W. Niliiona nikitafuta nepi, nikadhani ni wodi.

Na kazi ilikuwa inaendelea, nisiseme uongo. Alhamisi ya nne alisema amelala usingizi mfululizo kwa mara ya kwanza. Wiki iliyofuata alikwenda kibandani na mshauri mwenyewe, akamwaga vipande vya kioo pipani mara kumi huku jasho likimtiririka, na ya kumi akasimama wima hadi mwisho. Mdogo wangu alinunua kuku. Nikaanza kumsifia mshauri kwa majirani, yule yule niliyemwita kiziwi.

Alhamisi ya saba mtoto alikuwa amejilaza mapajani mwangu, anatafuna pembe ya shali. Ndani, sauti ya wifi ilianza chini chini. Walikuwa wamefika pale ambapo siku zote alikuwa anaparuka.

"Ongeza kidogo, mwanangu," mshauri akasema. "Sema kama vile ni sasa."

"Mtoto ameshatoka. Wamemweka kifuani kwangu, ameloa, anateleza. Mkono hauna nguvu. Namwambia wifi, mchukue, ataanguka. Anamchukua. Namwambia, wifi, nahisi kama nimekojoa, godoro limelowa, linazidi kulowa."

"Anakujibu nini?"

"Damu kila mtu hutoka. Usiwe mwoga."

"Endelea."

"Muuguzi anapita. Anauliza, huyu vipi? Wifi anamwambia, mzima huyo, anadeka tu. Muuguzi anacheka, anakwenda. Wifi anapeleka mtoto dirishani. Namwita. Sauti haitoki. Namwita tena. Amenipa mgongo. Gauni lake lina zipu nyuma, haikufungwa hadi juu. Naitazama ile zipu. Miguu imekuwa baridi mpaka magotini, na mimi naitazama zipu, nawaza, kumbe hiki ndicho kitu cha mwisho nitakachokiona duniani."

"Hofu iko ngapi sasa, kati ya sifuri na kumi?"

"Kumi."

Nilitafuta kichwani. Ukikaa masjala miaka mingi unajifunza kutafuta bila papara. Nilipita saa ile yote, kitu kwa kitu. Dirisha nililikumbuka. Nywele za mtoto nilizikumbuka, na kwamba nilimhesabu vidole. Lakini neno "anadeka" sikulipata. Sikukumbuka muuguzi aliyeuliza. Jambo lililomvunja mwenzangu, mimi halikuniachia hata alama. Nililisema jinsi mtu anavyosema karibu, jinsi nilivyowasimulia watu wote habari za viatu vyangu, na likapita.

Ila nilijua ni kweli, kwa sababu ndivyo ninavyosema. Kwa wanangu, kwa wagonjwa, kwa mume wangu hadi wiki ya mwisho. Anadeka tu.

Tulirudi nyumbani. Kesho yake nilimkuta anafua, nikasimama mlangoni.

"Jana nilisikia."

"Najua," akasema. "Mlango ule ni ubao tu. Nilijua uko pale."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

Alikamua shati, akalikung'uta. "Ningekuambia nini? Ulikuwa unalea mtoto wangu. Nani angemlea?" Kisha akasema, bila ukali wowote, "Wifi, mimi sikuchukii. Ningekuchukia ingekuwa nafuu. Ila nikisikia sauti yako miguu inakuwa baridi. Hata sasa."

Ndipo nilipojua ile W ni ya nani.

Mshauri aliniita ndani Alhamisi ya tisa, kwa idhini ya wifi. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, nimeyapanga vizuri, la kwanza, la pili. Mtoto nilimwacha kwa jirani. Viti vilikuwa vitatu, na mshauri alikuwa ameniwekea kimoja pembeni ili nisimkabili wifi uso kwa uso.

Nilifungua karatasi, nikasema nimekuja kuomba radhi. Kisha nikaiacha karatasi, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilisema sikujua. Nilisema mimi wangu wote walitoka bila shida, ningejuaje. Nilisema wauguzi walikuwa wawili tu, nao ndio waliosomea, kazi ya kufunua shuka haikuwa yangu. Kila sentensi niliyoileta kumwomba radhi ilikuwa inanitetea mimi. Nilijisikia mwenyewe nikiongea na sikuweza kusimama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, hiyo methali ninaijua tangu utotoni, na mwenzangu alilala pale nami nikamwambia hakuna kunguni.

Mwisho niliishiwa. Nikasema, "Nisamehe, wifi."

Alikuwa amekalia viganja vyake.

"Nimesikia," akasema.

Mshauri akamwuliza hofu ngapi. Akasema kumi. Wakavuta pumzi pamoja, kama walivyozoea, mara nyingi. Akaulizwa tena.

"Kumi," akasema. "Samahani."

Aliomba samahani yeye. Nilitoka nikakaa kwenye benchi langu, na mshauri akanifuata baadaye kidogo. Aliniambia, "Kuomba radhi ni kwako, umeomba. Kusamehe ni kwake, na humu ndani hatumsukumi mtu." Nilimwuliza kama nimemrudisha nyuma. Alirekebisha kile kifaa sikioni, nikadhani hakunisikia, kumbe anatafuta la kusema.

"Sijui," alisema. "Ningekuwa najua ningekuambia."

Alhamisi tatu zilizobaki alikwenda na mumewe, aliyeomba ruhusa kazini. Sikuwepo, kwa hiyo siwezi kusimulia. Ninachojua ni kwamba ya kumi na mbili ilipofika, mshauri aliwaambia anahitaji awamu nyingine, lakini nje ya mlango kulikuwa na wanawake wengine wanaosubiri hata hiyo ya kwanza. Jina lake liliandikwa mwisho wa orodha. Mdogo wangu alimwuliza yule mama, mbele ya mkewe, kama kuna siku atapona.

"Wengine hupona," alimjibu. "Wengine hupata nafuu tu. Mkeo amepata nafuu."

Ni kweli amepata nafuu. Analala. Mkono umetulia, amerudi kwenye meza yake, anavuta mstari mara moja na kioo kinaachana. Pita hapo leo utasema huyu mwanamke hana tatizo. Wateja wanasema hivyo, na wakwe wanasema zaidi: basi kama anaweza kukata kioo, anashindwaje kushika mtoto?

Mdogo wangu naye alifika mahali akawaza hivyo. Alinikalisha chini akaniambia, "Dada, usiudhike. Labda tatizo ni wewe kuwepo. Ukiondoka, hatakuwa na budi."

Sikuudhika. Nililifikiria mwenyewe kabla yake. Nilikunja nguo zangu, nikamwachia maelekezo ya uji na ya homa, nikarudi kwangu. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na mwezi. Nilipovaa viatu alileta na vya kwake.

Ilichukua siku tisa. Siku ya tisa, adhuhuri, nilisikia hodi, nikamkuta mdogo wangu na mtoto begani na mfuko wa nepi mkononi. Hakukaa. Alinisimulia akiwa amesimama. Siku nane alikuwa akimwogesha yeye kabla ya kwenda kazini, na mambo yalikwenda kwa kuchechemea. Siku ya tisa mtoto alijimwagia ndoo ya maji jikoni, akalowa chapa, akalia. Wifi alijaribu. Mdogo wangu alisisitiza hilo, alijaribu, kwa maana alikuta taulo sakafuni nusu ya njia. Jirani ndiye aliyempigia simu. Alipofika, mtoto alikuwa ndani, amekaa kwenye maji yale, amelia mpaka sauti imekwisha, midomo imekuwa ya bluu kwa baridi. Wifi alikuwa nje kwenye ngazi, mikono ameikalia, anatetemeka kuliko mtoto.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alisema, mpeleke kwa wifi." Mdogo wangu alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Alisema, yule ni mama mzuri."

Nilipokea mtoto.

Tangu hapo mtoto yupo kwangu. Ana mwaka na miezi tisa sasa. Ananiita mama, nilijaribu kumfundisha shangazi, akaona ni refu. Orodha ya mshauri inasogea taratibu mno, na mwezi uliopita tulisikia mshauri mwenyewe amehamishiwa kituo kingine na chumba kimefungwa kwa muda. Muda gani, hakuna anayejua. Nimekwenda mara mbili kuuliza. Kwenye benchi walikuwepo wanawake wawili, nao walikuwa wamekuja kuuliza.

Jumapili huja wote wawili. Mdogo wangu huingia na kelele za kumchekesha mtoto, wifi huja nyuma yake, hukaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Tumewekeana utaratibu bila kuuandika: akiwepo, mimi siongei. Mimi, niliyekuwa sifungi mdomo hata msibani. Napika, natenga, nanyamaza. Mtoto akinisemesha namjibu kwa kichwa.

Jumapili iliyopita mtoto alikuwa anakimbiza kopo uani. Alijikwaa mbele ya mama yake kabisa, hatua moja, akaanguka kifudifudi, mdomo ukapasuka kidogo. Niliona mikono ya wifi ikitoka chini ya mapaja. Ilitoka kweli, ikafika mbele, vidole vimefunguka. Mtoto alinyanyuka, akamtazama, uso umelowa machozi na damu na makamasi. Mikono ikasimama pale pale hewani. Mtoto akampita, akaja kwangu mbio.

Nilimfuta. Mdogo wangu alikwenda kuokota kopo, akachukua muda mrefu kuliokota.

Walipokuwa wanaondoka wifi alivaa viatu, kisha akasimama mlangoni bila kugeuka.

"Ana meno mangapi sasa?" akauliza.

Nilisogea mahali atakaponiona, nikamwonyesha kwa vidole: kumi, halafu viwili.

"Mengi," akasema, akamfuata mumewe barabarani.